Ukitaka kutafsiri mashairi ya Kijerumani kwenda Kiingereza, anza na sikio

Naandika hii kwa ajili ya mtu ambaye Kijerumani chake kimefika mahali anasoma gazeti bila kufungua dikshenari kila mstari, Kiingereza anacho, na mashairi anayapenda kwelikweli. Wapo wengi kuliko tunavyodhani. Kuna waliojifunza kwenye taasisi ya lugha ya Goethe pale Upanga au Nairobi, kuna waliokuja huku Ujerumani kusoma au kufanya kazi za uuguzi, na jioni wanajikuta wameshika mashairi ya Heine au Rilke na moyo unawaambia hili shairi lazima fulani alisikie, sema fulani mwenyewe hajui Kijerumani. Mimi nilianza hivyohivyo. Naishi Leipzig, natafsiri mashairi ya Kijerumani kwenda Kiingereza miaka sasa, na kila nikimaliza moja nataka lingine, kwa hiyo acha niseme ninachokijua na wewe uchukue kinachokufaa.

Watu wakisikia kutafsiri shairi wanadhani kazi ni maneno. Maneno ni sehemu tu. Kila shairi zuri lina nguzo yake moja ambayo ukiitoa hamna kitu kinachobaki, na hiyo nguzo inaweza kuwa kina, inaweza kuwa mpangilio wa vitu jinsi vinavyokuja kimoja baada ya kingine, inaweza kuwa urefu wa mshororo mmoja, na kazi yako ya kwanza kabisa, kabla hujaandika hata neno moja la Kiingereza, ni kuitafuta. Ukishaijua unailinda kwa nguvu zote, na vitu vingine vikikushinda unaviacha bila kujuta. Huwezi kubeba vyote. Anayejaribu kubeba kina na mizani na maana na mafumbo yote kwa pamoja anaishia na Kiingereza ambacho hakuna mtu duniani anakiongea.

Sasa unaitafutaje? Kwa sikio. Lihifadhi shairi kichwani, lote, useme bila kuangalia karatasi. Ukiwa kwenye tramu sema kimoyomoyo, ukiwa unaosha vyombo sema kwa sauti. Baada ya siku kadhaa utaona kuna sehemu ulimi unapenda kurudi, kuna sehemu unasimama wenyewe, kuna sehemu unakosea kila mara kwa sababu mshairi kafanya kitu usichokitegemea. Hapo ndo pa kuchimba.

Nitoe mfano wa Der Panther ya Rilke, maana karibu kila anayeanza analitaka hilo, na ana haki, ni beti tatu tu za mishororo minne minne na maneno yake si magumu. Rilke aliliandika Paris mwanzoni mwa miaka ya 1900, na chini ya kichwa cha shairi kaweka jina la bustani, Jardin des Plantes, ambako wanyama walikuwa kwenye vizimba na watu wanakuja kuwaangalia. Ubeti wa kwanza huu hapa:

Sein Blick ist vom Vorübergehn der Stäbe
so müd geworden, daß er nichts mehr hält.
Ihm ist, als ob es tausend Stäbe gäbe
und hinter tausend Stäben keine Welt.

Yaani macho ya chui yamechoka kwa zile nondo zinazopita mpaka hayashiki tena kitu, kwake ni kama kuna nondo elfu na nyuma ya nondo elfu hakuna dunia. Angalia vizuri nani anapita. Nondo ndo zinapita! Anayezunguka ni chui, ila Rilke hakuandika akiwa amesimama nje na watalii, kaandika kutoka ndani ya yale macho, na kutoka ndani nondo ndo zinazotembea. Ukiandika kwa Kiingereza kwamba chui anapita mbele ya nondo, sarufi itakuwa safi kabisa lakini umeshatoka nje ya kizimba, na msomaji wako umemtoa pia.

Halafu sikiliza. Stäbe, gäbe, Stäben. Neno la nondo limekuja mara tatu ndani ya mishororo minne, na sauti yake imeingia mpaka kwenye kitenzi gäbe ambacho hakina uhusiano wowote na nondo. Kila unapogeuka zipo. Sasa shule zetu zilitufundisha kwenye insha usirudie neno moja mara nyingi, tafuta kisawe, na hiyo tabia tunaenda nayo hadi kwenye tafsiri, unakuta mtu kaandika bars halafu railings halafu iron rods, anaona anaonyesha msamiati mpana, kumbe anazifungua nondo moja moja na chui anatoka. Rudia bars. Rudia bila aibu.

Na mwisho wa shairi ndo penyewe hasa. Rilke anasema mara mojamoja pazia la mboni linafunguka kimya, picha inaingia, inapita kwenye utulivu uliokaza wa viungo,

und hört im Herzen auf zu sein.

na ikifika moyoni inakoma kuwepo. Ukiwa umelihifadhi shairi utasikia kwamba mshororo huu umekatika mapema. Mingine yote ina mikazo mitano, yaani silabi tano zinazotamkwa kwa nguvu, huu una minne. Picha imekufa na mshororo umekufa nayo. Nimeona tafsiri zinazojaza hapo neno moja au mawili ili mshororo ulingane na wenzake, na roho inaniuma kila nikiziona, kwa sababu ule upungufu ndo shairi lenyewe. Kuna kitu kingine pale ndani ambacho Kijerumani pekee kinakiweza: kitenzi aufhören, yaani kuacha au kukoma, kimegawanyika, hört limetangulia na auf limekuja baadaye, na hört likiwa peke yake ni kusikia, kwa hiyo kwa nukta moja unasoma kwamba picha inasikia moyoni, kuna matumaini, ndipo linakuja auf zu sein na matumaini yanazimika. Hicho sijaona namna ya kukileta kwa Kiingereza. Mimi pale nalinda ufupi, ile nyingine naiacha iende, na nakushauri ufanye hivyo maana ukilazimisha utaharibu vyote viwili.

Kwenye shairi lingine nguzo inaweza kuwa kinyume kabisa. Christian Morgenstern, kwenye Galgenlieder zake za 1905, ana kashairi kadogo ka mnyama anaitwa Wiesel, jamii ya kicheche hivi, amekaa juu ya Kiesel, kokoto, katikati ya Bachgeriesel, maji ya kijito yanayotiririka, na mwishoni mshairi anatuambia yule mnyama mjanja alifanya hivyo kwa ajili ya kina. Basi hapo kina ndo kila kitu na kokoto haina thamani yoyote. Max Knight alipolitafsiri kwenda Kiingereza alimkalisha weasel juu ya easel, ile stendi ya mchoraji, katikati ya teasel, mmea wa miiba. Hakuna kokoto, hakuna kijito, na tafsiri ni aminifu kuliko ambayo ingebakiza kokoto ikapoteza kina. Weka haya mawili pamoja, Panther na Wiesel, utaelewa kwa nini nakataa kumpa mtu kanuni ya jumla kwamba kina kihifadhiwe au kina kiachwe. Inategemea kimesimamia nini.

Mshairi Goethe sasa. Wandrers Nachtlied, lile la pili, Über allen Gipfeln ist Ruh. Aliliandika kwa penseli kwenye ukuta wa kibanda cha mbao cha wawindaji juu ya kilima cha Kickelhahn karibu na Ilmenau, Septemba 1780, na akarudi pale 1831 akiwa mzee, miezi michache kabla ya kufa, akasoma maandishi yake mwenyewe ukutani na akalia. Kibanda cha zamani kiliungua ila kimejengwa upya, na kama uko Ujerumani hii ya kati panda siku moja ukalisome palepale jioni.

Lina mishororo minane mifupi na nguzo yake ni mpangilio. Kwanza vilele vya milima, halafu vilele vya miti, halafu ndege msituni, halafu wewe. Utulivu unashuka kutoka mbali unakusogelea, mawe, mimea, wanyama, mtu, na unapofika kwako shairi linaisha na kusema subiri tu, punde na wewe utapumzika. Ukibadilisha huo mpangilio ili upate kina umeua shairi, hata kama kila neno lipo. Longfellow, yule Mmarekani, alilitafsiri karne ya 19 na mpangilio aliulinda, na kwa sikio lake zuri alipata hill-tops na tree-tops kuitikia Gipfeln na Wipfeln, mimi namheshimu sana kwa hilo. Ila ndege wake wamelala. Wa Goethe hawajalala, wamenyamaza, schweigen, na hapo kuna kitu sisi Waswahili tunakisikia haraka kuliko msomaji wa Kiingereza maana tunacho kitenzi chetu kamili, kunyamaza, kitendo cha mtu mwenye sauti kuamua kutoitumia. Kiingereza kinabidi kiseme are silent, kama hali tu ya hewa. Ukimlaza ndege umeshatoa usingizi kabla ya mshororo wa mwisho, na kule mwisho ndiko pumziko linakotakiwa litokee kwa mara ya kwanza.

Hili la kusikia kwa masikio ya Kiswahili nataka nilikalie kidogo, kwa sababu wengi wetu tunalichukulia kama mzigo kwamba tunatafsiri kati ya lugha mbili na hakuna hata moja ya mama. Mimi nimekuja kuona ni faida, ila ina mtego wake.

Mtego ni mizani. Sisi tumekulia kwenye shairi la nane kwa nane, silabi kumi na sita kwa mshororo, na mtu akipunguza moja mzee anamwambia hapo pamepungua. Kwa hiyo tukikutana na shairi la Kijerumani tunaanza kuhesabu silabi kwa vidole. Kijerumani na Kiingereza kwa kawaida hazihesabu hivyo, zinahesabu mikazo. Chukua ubeti wa kwanza wa Loreley ya Heine:

Ich weiß nicht, was soll es bedeuten,
Daß ich so traurig bin;
Ein Märchen aus alten Zeiten,
Das kommt mir nicht aus dem Sinn.

Ukihesabu silabi unapata 9, 6, 8, 7, utadhani mtu hakujua anachofanya. Hesabu mikazo sasa: mitatu, mitatu, mitatu, mitatu. Heine aliichukua hiyo kutoka kwenye nyimbo za watu wa kawaida, ndo maana inaimbika, na Friedrich Silcher alipoitilia muziki 1837 ikawa wimbo ambao kila Mjerumani anaujua. Kwa hiyo ukiwa unatafsiri Heine piga meza kwa mkono kwenye kila mkazo na acha silabi dhaifu katikati ziwe moja au mbili, usizibane. Ukizisawazisha zote utapata kitu kinachoenda tiktiktik kama saa ya ukutani na ule uzembe mtamu wa Heine unapotea.

Faida ni miisho. Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo karibu kila neno letu linaishia laini, na sikio letu limezoea huo ulaini toka utotoni. Kijerumani kina miisho ya hivyo mingi sana, vitenzi vinaishia -en, wingi unaishia -e au -en, na washairi wao wanapenda kuchanganya, mshororo mmoja unaishia laini unaofuata unaishia ngumu, kama Stäbe, hält, gäbe, Welt. Kiingereza kilishapoteza miisho yake ya zamani, maneno yake mengi ni mafupi na yanagonga mwishoni. Mtafsiri anayetaka kuleta ulaini anakimbilia -ing, na ubeti mzima unakuwa running, falling, calling, msomaji anachoka. Ninachokifanya mimi ni kulinda yale mabadilishano, laini ngumu laini ngumu, hata kama vina vyenyewe havilingani sawasawa. Kina cha karibu kinatosha sana kwa Kiingereza, Emily Dickinson alishawazoesha wasomaji wake hilo, na sikio la leo linaona kina kamili kila mshororo ni kitu cha kadi ya siku ya kuzaliwa.

Kitu kingine cha maneno mafupi: mshororo wa Kijerumani wa silabi kumi ukiuleta Kiingereza mara nyingi unabaki na saba au nane. Hapo ndo vivumishi vinaingia kujaza nafasi, usiku unakuwa usiku wa giza, mwezi unakuwa mwezi mpole, mshairi hakusema hayo. Kama maana imeisha kwenye mkazo wa nne, simama kwenye wa nne, na fanya hivyo shairi zima ili liwe na mwendo wake. Ni bora shairi lako liwe jembamba kuliko kumwekea Goethe maneno mdomoni.

Na jinsia, aisee. Kuna shairi la Heine la mistari minane, Ein Fichtenbaum steht einsam, la mti wa msonobari uko peke yake kaskazini kwenye kilima kitupu, umefunikwa na barafu na theluji, unaota mtende ulio mbali huko mashariki, nao uko peke yake kimya unahuzunika kwenye mwamba unaowaka jua. Kwa Kijerumani neno Fichte lenyewe ni la kike, lakini Heine hakuandika Fichte, kaandika Fichtenbaum, na Baum ni la kiume. Alichagua. Mwanaume kwenye baridi anamuota mwanamke kwenye joto na hawatakutana kamwe. Kiingereza kina it tu. Kiswahili ndo kabisa, yote miwili ni miti, ngeli moja, kwa hiyo mimi mara ya kwanza nalisoma nilihitaji kulirudia ndipo nikausikia ule upendo. Emma Lazarus, yule aliyeandika shairi lililopo kwenye Sanamu ya Uhuru ya New York, alimtafsiri Heine sana na hapa akaweka he kwa msonobari na her kwa mtende, basi, herufi chache tu na shairi limesimama. Kwa Kirusi Lermontov alitumia jina la msonobari ambalo kwao ni la kike, upendo ukageuka kuwa upweke wa miti miwili, zuri kwa namna yake lakini ni shairi lingine, na Tyutchev naye akaweka mwerezi kwa sababu kwa Kirusi ni wa kiume. Somo langu hapa ni dogo: kabla hujaandika it, fungua dikshenari uangalie der, die au das, halafu jiulize kama mshairi alikuwa anaitumia.

Dikshenari nayo si yoyote tu. Kwa mashairi ya zamani fungua lile dikshenari kubwa lililoanzishwa na ndugu wawili Grimm, haohao wa hadithi, juzuu ya kwanza ilitoka 1854 na kazi ikamalizwa 1961 na watu wengine kabisa, na sasa lipo bure kwenye intaneti. Linakuambia neno lilikuwa na maana gani wakati ule na linatoa mifano. Hölderlin ana shairi linaitwa Blödigkeit. Mjerumani wa leo akisikia blöd anasikia mjinga, pumbavu. Wakati wa Hölderlin lilikuwa neno la haya, la woga wa mtu kusogea mbele za watu. Tofauti hiyo inageuza shairi zima, na hakuna programu ya simu itakayokuonya.

Nikigusia programu, mimi siifungui ile ya kutafsiri kabla drafti yangu ya kwanza haijaisha, na nakuomba sana na wewe usifungue. Si kwamba ni mbaya, kwa barua ya ofisi ya wageni naitumia. Tatizo ni kwamba maneno ya kwanza unayoyaona yanaganda kichwani, na ukishaona mshororo wa Kiingereza ulio sawasawa hutausikia tena ule wa Kijerumani. Tafsiri za watu wengine ni hivyohivyo, zisome, zisome zote unazopata, lakini baada ya drafti yako ya pili, hapo zinakufundisha kwa sababu unajua mwenzako alikuwa anapigana na nini.

Drafti ya kwanza iandike mbaya makusudi, neno kwa neno, na pembeni ujaze maelezo, hili lina maana mbili, hili linarudi ubeti wa tatu, hapa pumzi inakatika. Hiyo karatasi usiitupe, utairudia mpaka mwisho.

Halafu tafuta wasomaji wawili, na kila mmoja umpe kazi yake. Mjerumani mpe shairi la asili tu na umuulize anasikia nini, wapi panamgusa, neno gani linamkumbusha utoto au kanisa au shule, maana mengi ya mashairi haya waliyahifadhi darasani na kuna vitu wanavijua mwilini hata kuvieleza hawawezi bila kuulizwa. Wa Kiingereza mpe tafsiri yako tu, asilione la asili kabisa, na umwombe asome kwa sauti mbele yako huku wewe umenyamaza. Pale anapokwama ulimi pana tatizo, hata kama yeye anasema pako sawa. Asiambiwe kwamba ni tafsiri kama inawezekana. Na kama Kiingereza chako ulikipata zaidi vitabuni kama wengi wetu, soma washairi wa sasa wanaoandika Kiingereza, kwa sauti, kila wiki, maana hatari kubwa ya sisi ni kuandika Kiingereza cha Biblia ya zamani na thee na thou tukidhani ushairi unataka hivyo. Du ya Kijerumani ni ya karibu, ya mtu na rafiki yake. Thou leo inasikika ya mbali na ya kanisani, kwa hiyo inaleta kinyume cha kilichotakiwa.

Kuhusu Paul Celan nitasema kwa heshima. Alizaliwa Czernowitz 1920, wazazi wake waliangamia mikononi mwa Manazi na washirika wao, na yeye akaendelea kuandika kwa Kijerumani, lugha ya mama yake na lugha ya wauaji. Todesfuge yake ina mshororo unaorudi, der Tod ist ein Meister aus Deutschland, yaani mauti ni bingwa kutoka Ujerumani. John Felstiner alipolitafsiri aliuandika karibu wote kwa Kiingereza mara ya kwanza, halafu kila unaporudi Kijerumani kinaingia kidogokidogo mpaka kinaumeza wote. Alitambua kwamba nguzo ya shairi hilo ni lugha yenyewe, kwamba mauti hayo yalikuwa na lugha, na akairudisha. Ukifika kwa Celan usilainishe chochote. Palipovunjika pabaki pamevunjika, neno alilolibuni usilibadilishe liwe la kawaida, na usianze naye. Anza na Heine, nenda Goethe ya mishororo mifupi, nenda Rilke wa kitabu chake Neue Gedichte, zile Elegie za Duino ziache mbele huko, Rilke mwenyewe alianza 1912 akamaliza 1922.

La haki za uandishi watu hulisahau mpaka dakika ya mwisho. Ujerumani kazi ya mwandishi inalindwa miaka 70 baada ya kifo chake, inahesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka aliokufa. Rilke alikufa 1926, yuko huru zamani. Trakl 1914, huru. Else Lasker-Schüler alikufa 1945, huru toka 2016. Brecht na Gottfried Benn wote walikufa 1956, kwa hiyo wanafunguka Januari 2027. Celan na Nelly Sachs walikufa 1970, hao mpaka 2041. Kutafsiri kwa ajili yako na kujifunza hakuna anayekuzuia, ila ukitaka kuchapisha mshairi ambaye bado hajafunguka lazima kwanza umwandikie mchapishaji mwenye haki, na uwe na subira, majibu yanachelewa. Kumbuka pia tafsiri ya mwenzako ina haki zake hata kama mshairi wa asili yuko huru, kwa hiyo usichukue mistari yake ukaibadilisha kidogo na kuiita yako.

Kuna pa kupeleka kazi. Modern Poetry in Translation ya Uingereza, waliyoianzisha Ted Hughes na Daniel Weissbort 1965, bado inachapisha, na kuna tuzo ya Stephen Spender ya mashairi yaliyotafsiriwa kwenda Kiingereza. Soma masharti ya mwaka husika kabla hujatuma. Hela usiitegemee, mashairi hayalipi kodi ya nyumba huku wala huko. Ukituma weka shairi la asili ukurasa wa kushoto na lako kulia, mshororo ukabiliane na mshororo, na chini andika aya moja tu ueleze ulichoamua kukilinda na ulichokiacha.